Diski ya bakapu ikijaa msikimbilie kufomati

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nipige kelele maana hii tabia inaudhi.

Huku Mtwara, na wenzetu wa Lindi vilevile, ofisi nyingi zinazoshughulika na korosho siku hizi zinaweka kila kitu kwenye kompyuta, majina ya wakulima, kilo zilizoingia ghalani, skani za stakabadhi, malipo, na usiku seva inajipigia bakapu yenyewe, yaani nakala ya akiba, kwenye diski ya nje. Safi kabisa. Shida inakuja Oktoba minada ikianza, skani zinamiminika na hamna anayeangalia diski imebakiza nafasi gani, mpaka usiku mmoja bakapu inakwama katikati, imeandika nusunusu, asubuhi ukiifungua stoo (namaanisha hifadhi ya hizo bakapu ndani ya diski, sio ghala la korosho) inagoma. Fundi anaitwa, anachungulia kidogo, anasema hii imekufa tufomati, yaani tufute diski yote, tuanze upya. Kuna ofisi moja hapa mjini walifuta hivyohivyo kumbukumbu za misimu yote ya nyuma, na bosi akamsifu fundi kwamba ana kazi nyepesi!

Jamani, mara nyingi haijafa. Chukua Borg, programu ya bure ambayo wengi wanaitumia, hii haihifadhi faili zimazima, inazikatakata vipande, na kipande kinachofanana kinawekwa mara moja tu halafu bakapu zote zinakitumia hichohicho. Ndo maana haili nafasi sana. Lakini ndo maana pia ukiingia kwenye folda ya data ukafuta kwa mkono vifaili vinavyoonekana vya zamani ili upate nafasi, unaua na bakapu ya jana. Stoo nyingine zinamalizwa na huko kufutafuta, wala sio diski kujaa.

Mtego mwingine ni kwamba Borg hata kufuta bakapu ya zamani inahitaji nafasi, inaandika kwanza ndo inafuta, kwahiyo diski ikijaa kabisa hata komandi ya kufuta inakataa na hapo watu wanakata tamaa. Nafasi itafutwe pembeni. Kama humo kuna muvi za watu (mnajijua) zihamishwe. Kama hamna, na diski ni ya Linux aina ya ext4, kwa kawaida asilimia 5 imetengewa root (mtumiaji mkuu wa mfumo) peke yake, yaani kwenye diski ya tera 1 ni kama giga 50 zimekaa tu, unapiga komandi ya tune2fs -m 1, inashusha hiyo akiba hadi asilimia 1, na nyingi zinarudi. Hapo unapumua.

Ila kabla hujatengeneza chochote kopi stoo nzima kwenye diski nyingine, na hiyo diski iliyojaa ipimwe kama bado nzima. Kisha piga borg check, ya kuangalia tu. Ikikuta vipande vimepotea ndo unaenda borg check --repair, itakutaka uandike YES kwa herufi kubwa na haitanii, inaweza kutupa data. Kwenye Borg ya namba 1 kipande kisichopatikana kinajazwa sifuri tupu za ukubwa uleule, kwahiyo faili linakuwepo ila lina shimo. Sasa utamu uko hapa, kama lile faili la asili bado lipo kwenye kompyuta ya ofisi unalipigia bakapu tena, kipande kinarudi stooni, uki-repair mara ya pili shimo linazibwa. Yule wa kufomati hilo hana habari nalo. Na ukishafuta bakapu za zamani usisahau borg compact, kuanzia toleo la 1.2 bila hiyo nafasi hairudi.

Wapo watakaosema wekeni mtandaoni yaishe. Sawa, iwe nakala ya pili, lakini Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tuliona wote intaneti ilivyokuwa, sasa iwe siku ya mnada halafu data yote iko huko utafanyaje?

Ombi langu kwa mameneja, diski ya pili iingie kwenye bajeti kabla ya msimu, posho za vikao mbona hazikosi. Kwenye Borg hiyohiyo wekeni additional_free_space walau giga 2, inajibakizia akiba ya dharura. Kazi ya kuangalia df -h (komandi inayoonyesha nafasi iliyobaki) kila Ijumaa apewe mtu kwa jina, isiachwe kwa "watu wa aiti" ambao mara nyingi ni kijana mmoja wa fildi na akimaliza anaondoka na nywila. Na kama stoo imefungwa kwa siri kwa njia ya Borg inayoitwa repokey, ufunguo wenyewe umo kwenye faili la mipangilio (config) la stoo hiyohiyo, likiharibika hilo hamna fundi wa kuwasaidia, kwahiyo pigeni borg key export --paper leo, inautoa huo ufunguo kwa maandishi, mprinti, karatasi ikae na nywila kwenye kabati la mhasibu.

Msomaji wako,
Chikongola, Mtwara