Albamu mnazika mapema mno

Mhariri salamu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, leo sio siasa ni muziki, tena rock, na najua kuna watakaouliza rock inatuhusu nini, basi wao waruke waende kwenye michezo.

Juzi usiku nilikuwa sina usingizi nikairudia ile filamu ya Lou Reed, mwanarock wa Marekani, anapiga albamu yake ya Berlin jukwaani, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka. Ilirekodiwa Desemba 2006 kwenye ukumbi wa St. Ann's Warehouse kule Brooklyn, New York, mwongozaji Julian Schnabel ambaye kwanza kabisa ni mchoraji, ikatoka 2007. Nilipomaliza nikakumbuka mwandishi wenu wa burudani mwezi uliopita alivyoiponda albamu moja kwa mistari minne eti "inahuzunisha mno, imebuma". Ilikuwa na wiki moja tu sokoni! Ndo maana nimeshika kalamu.

Maana Berlin nayo ilipondwa hivyohivyo. Jamaa 1972 katoka na Transformer, amesimamiwa na David Bowie na Mick Ronson, ndani kuna Walk on the Wild Side, hiti kubwa, kila mtu anasubiri nyingine ya kupigia miluzi. 1973 anawaletea stori ya Jim na Caroline, wapenzi wawili wako Berlin, madawa, ngumi, mama ananyang'anywa watoto, mwisho anajiua. Prodyuza Bob Ezrin kajaza humo kwaya, vinanda, matarumbeta, Jack Bruce yuko kwenye besi, Steve Winwood kwenye ogani, yaani pesa imetumika kweli. Jarida la Rolling Stone likasema ni balaa, na halikumaanisha balaa la sifa. Kwenye chati za Uingereza angalau ilifika namba 7, Marekani ikaishia 98. Kulikuwa na mpango wa kuifanyia shoo kubwa ya jukwaani, nao ukafa palepale. Ikalala hivyo, haijapigwa yote jukwaani, miaka 33.

Sasa watu husema filamu imeifufua. Mi sikubaliani sana na hilo neno, maana nyimbo ni zilezile, hata mpiga gitaa Steve Hunter ni yuleyule aliyepiga 1973, na Ezrin yupo. Kilichobadilika ni mwimbaji kazeeka. Alipoirekodi alikuwa na miaka 31, ukisikiliza kuna sehemu unaona kabisa anaigiza kuumia, kijana anajaribu koti la baba yake. Kwenye filamu ana 64, sauti imekwaruzika, hapandi juu wala hahangaiki, anaongea tu. Chukua wimbo unaoitwa The Bed, anaimba kama mtu anayekuonyesha chumba cha marehemu, hapa ndipo alipokuwa analaza kichwa, hii mishumaa, yale maboksi yana mashairi yake, hapandishi sauti hata kidogo. Kijana wa 31 hawezi kuimba hivyo hata umlipe. Koti limemkaa sasa.

Alafu kuna watoto. Kwenye albamu ya 1973 wimbo wa The Kids unaisha na watoto wanalia wanamwita mama yao, walikuwa wanawe Ezrin mwenyewe, mpaka leo mi hupunguza sauti nikifika pale kwa sababu jirani anaweza kugonga mlango. Jukwaani Brooklyn nyuma ya bendi wamesimama vijana wa kwaya, Brooklyn Youth Chorus, na ikifika Sad Song ile ya kufungia wanarudia yale maneno mawili tena na tena na tena, gitaa la Hunter linapanda juu yao, na wewe uliyekaa umebanwa kifua saa nzima unajikuta unapumua. Sijui kama Schnabel alipanga ile iwe jibu la kile kilio au ilitokea tu, kwangu ni jibu. Pembeni yao anaitikia Sharon Jones, yule mama wa soul, na naye hajakaa kama mwitikiaji hata sekunde moja.

Sio kwamba filamu haina kasoro. Zile picha za Caroline wanazomulika nyuma ya jukwaa, alizotengeneza binti wa Schnabel, Lola, na Emmanuelle Seigner ndo Caroline, zinapendeza lakini zimezidi, stori tayari naiona kichwani sihitaji kuonyeshwa nywele zake. Ningependa kamera ibaki kwenye mikono ya wapigaji.

Ila wakishamaliza albamu wanapiga nyimbo chache za ziada, na mwimbaji Antony, siku hizi anajulikana kama Anohni, anaimba Candy Says ambayo Lou Reed aliitunga enzi za Velvet Underground, bendi yake ya zamani. Mzee hana la kufanya pale zaidi ya kupiga gitaa taratibu na kumwangalia. Lile jamaa lilisifika kwa kununa na kuwakatisha waandishi maneno, sasa mwangalie uso, umelegea kabisa, kama anausikia wimbo wake kwa mara ya kwanza. Nimerudisha nyuma pale mara tatu.

Kwa hiyo mhariri, sisemi mwandishi wako amsifie kila mtu, kuna albamu mbovu na zitabaki mbovu hata zikae miaka 100. Ila ile ya mwezi uliopita mwambie airudie, aisikilize usiku, peke yake, simu akaiache chumba kingine. Mi bado naisikiliza, na wimbo wa tano ndo umeanza kuniingia wiki hii.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.