Kalinga, injini hiyo isitoke

Soweto, Mbeya
Jumapili jioni

Ndugu yangu Kalinga,

Kamwene! Za siku nyingi, za baridi, za shemeji na watoto? Sisi huku tu wazima, ila Julai hii haina huruma. Asubuhi Loleza haionekani kwa ukungu, na mama bado anakohoa. Mahindi tumeshaingiza ndani. Mengine baadaye, maana nimeshika kalamu kwa jambo moja.

Ambakisye amepita hapa akitokea kwako. Anasema Datsun ya mzee iko uani, boneti imetolewa, na fundi anataka kung'oa injini aweke ya silinda nne ya gari dogo. Eti inatetemeka ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), inazima ukisimama, inanuka petroli, na mlimani haina nguvu. Kalinga, tafadhali, usikubali. Hayo yote ni maradhi ya taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, na kabureta. Nimemuuliza Ambakisye kama inatoa moshi wa bluu, akasema hapana. Inakula oili? Hapana. Sasa injini ina kosa gani?

Hiyo ni 240Z, ndugu yangu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walichukua Safari Rally na gari la aina hiyo, na la pili likawa 240Z vilevile, la Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews, akashinda yeye. Mzee alitusimulia mara ngapi pale barazani? Injini ya silinda sita, lita 2.4, iliyovumilia matope yale, leo itupwe kwa sababu ya pengo la pointi, vile vipande viwili vya kukata umeme wa cheche! Inaniuma kweli.

Sikiliza nikueleze ninavyoona, kisha umsomee fundi wako kwa heshima, bila kugombana naye.

Ambakisye anasema mshale wa geji ya mizunguko ulikuwa kwenye 1,200 kwa dakika gari likiwa limesimama. Maana yake fundi ameikaza skrubu ya sailensi ili gari lisizime. Ndipo shida inapojificha. Gari hilo linatakiwa kunguruma kwenye 750 hivi. Likizidi sana, vile vyuma vidogo vya uzito ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawia plagi cheche, vinaanza kufunguka na kuwahisha cheche vyenyewe, kwa hiyo hata ukipiga taa ya taimingi, ile ya kumulika alama ya puli, utasoma namba ya uongo. Utaona iko sawa kumbe imechelewa. Na cheche ikichelewa, injini inakosa nguvu, inachemka, sailensi inashuka, fundi anakaza skrubu tena… unaona mzunguko wenyewe.

Kwa hiyo pointi kwanza. Kile kikanyagio cha pointi kinachosugua kwenye shafti huwa kinalika taratibu, pengo linapungua, na taimingi inachelewa bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana gari lililokuwa zuri mwaka juzi leo linalegea. Pengo liwe kati ya milimita 0.45 na 0.55, lipimwe pointi zikiwa zimefunguka kabisa. Kama uso umechimbika, nunua mpya pamoja na kondensa. Shika pia shafti ya distribyuta uitikise kwa vidole. Ikicheza, pengo halitakaa hata mkipima usiku kucha. Plagi zipewe 0.8 hadi 0.9. Na angalia waya: mpangilio ni 1-5-3-6-2-4, rota inazunguka kinyume cha saa. Fundi aliyezoea silinda nne anaweza kuchanganya mbili bila kujua, na ukisikia inamisi, yaani inaruka mlipuko, anza kutazama hapo.

Baada ya hapo ndipo taimingi. Injini iwe ya moto, mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distribyuta uchomolewe na uzibwe, sailensi ishushwe hata kama gari linalalamika. Futa puli ya mbele kwa kitambaa chenye petroli mpaka mkwaruzo wa alama uonekane, uupake rangi ya kucha nyeupe ya shemeji. Bila hiyo rangi hamtaona kitu, chuma chote ni cheusi pale chini. Legeza boliti ya distribyuta kidogo tu, iwe inazunguka kwa kusukumwa. Ukiizungusha kufuata saa unawahisha, kinyume chake unachelewesha. Namba yenyewe ifuate kibandiko cha chini ya boneti, kwa sababu matoleo yanatofautiana. Kikiwa kimefutika, anzeni na nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, mpande kidogo kidogo. Utasikia sailensi ikipanda yenyewe, na hiyo ndiyo furaha ya kazi hii: unaishusha kwa skrubu, unapima tena, mpaka vitu viwili vikubaliane. Halafu mtu akanyage mpaka 3,000 na zaidi, muone alama inasogea. Jumla isivuke nyuzi 35. Isiposogea, vile vyuma vya uzito vimekwama kwa kutu, ni kusafisha na kupaka grisi nyepesi.

Kabureta mwisho, Kalinga, mwisho kabisa! Ziko mbili na kila moja ina skrubu yake. Weka mpira mwembamba sikioni, upande mwingine kwenye mdomo wa kabureta, sikiliza upepo. Mivumo iwe sawa. Ile harufu ya petroli inatokana na huku kwetu juu. Mbeya tuko mita 1,700 hivi, nanyi Iringa hamko mbali na hapo. Hewa ni pungufu karibu humusi kuliko ya pwani, lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli ileile. Nati za chini zipandishwe kidogo, zote mbili sawa, mpaka plagi zitoke na rangi ya kahawia badala ya masizi.

Jambo moja linanipa wasiwasi. Ambakisye anasema unataka kulipeleka Dar. Taimingi mtakayoiweka Iringa, kwenye hewa nyepesi na baridi, inaweza kuwa imewahi mno kule chini. Hasa wakati wa kurudi: umepakia, joto la Ruaha Mbuyuni, unaanza kupanda Kitonga. Ukisikia mlio kama wa kokoto kwenye kopo, ondoa mguu, shusha gia, simama salama, uirudishe nyuma nyuzi mbili tatu. Usijilazimishe kufika juu hivyohivyo, utatoboa pistoni, na hapo fundi wako atakuwa amepata sababu ya kweli.

Taa yangu ya taimingi nitaipakia kwenye basi wiki hii, uipokee Ipogolo. Nitaweka na fila geji, ile ya kupimia pengo, maana za gereji nyingi zimelika. Nifanyie na mimi hisani: ukipata pointi za distribyuta ya Hitachi nunua mbili, moja yangu. Huku Mwanjelwa nimezunguka duka kwa duka, wananiletea za pikapu tu.

Sasa nijibu, usikae kimya kama msiba wa baba mdogo ulivyotukalisha. Fundi ameshalegeza maunti, vile viegemeo vya injini, au bado? Boneti iko wapi, hawajaiuza? Kibandiko kinasomeka? Shafti inacheza? Nani amekuambia silinda nne itapanda Kitonga vizuri zaidi? Mama yako anajua mpango huu? Na kipaimara cha Sekela mnakuja, au mnasubiri gari lipone? Kama ni gari, niambie siku, nipande basi nije na spana zangu.

Wako,
Mwaisumo