Muuzaji alisema pedali ni pedali tu, besi ikapotea kanisani

Mhariri,

Mwakeye. Naandika kutoka Mwanga hapa Kigoma mjini, mimi ni mpiga gitaa la besi wa kwaya na wikiendi napiga na kabendi ketu kwenye maharusi, na kilichonifanya nishike simu niandike ni ile barua mliyotoa ya msomaji wa Tabora aliyelalamika kwamba vijana wa siku hizi tunaweka vidude miguuni halafu besi yenyewe haisikiki. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nikakumbuka yaliyonikuta mwenyewe mwaka jana nikasema huyu mzee wangu nusu ya maneno yake ni kweli tupu, ila hiyo nusu nyingine ngoja tuongee.

Iko hivi. Nilimwagiza binamu yangu Dar anitafutie pedali ya ovadraivu, yaani kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya sauti ya gitaa ikwaruze, akaingia duka moja Kariakoo akanipigia akiwa palepale kaunta, nikamwambia mpe simu muuzaji. Nikamuuliza kaka hii inafaa besi? Akanijibu "bro pedali ni pedali tu, jeki si inaingia?" Hapo ndipo nilipotakiwa kukata simu lakini pesa ikiwa mfukoni inawasha, nikatuma. Mzigo ukaja na basi umeviringishwa kwenye gazeti (si lenu), kiboksi cha kijani, nobu tatu, kopi ya ile Tube Screamer ya Ibanez ambayo wapiga solo wanaipenda kufa.

Nyumbani nikiwa peke yangu na kispika changu ilikuwa tamu balaa. Jumapili mapambio yakapamba moto, nikaikanyaga. Mpiga dramu akageuza shingo akaniangalia kama anayeuliza mbona umeacha kupiga, na mimi vidole vinakimbia, kataa kekundu kanawaka, ila kule chini hakuna kitu, kimebaki kisauti cha puani kinagombana na gitaa la solo. Baada ya ibada mama mmoja wa sauti ya pili akanifuata akaniuliza kwa upole, baba leo gitaa lako linaumwa?

Kesho yake nikaenda kwa fundi redio mmoja hapahapa Mwanga, mzee mtulivu, kafungua skrubu nne akaangalia ndani muda mrefu bila kusema. Halafu akanionesha kwa ncha ya bisibisi kikapasita kimoja kidogo (kijidude kinachoamua sauti gani zipite), maikrofaradi 0.047, kimeungwa na rezista ya omu 4,700, akapiga hesabu pembeni ya boksi la kandili: jibu kama 720. Maana yake mashine inakuza vizuri sauti zinazotetemeka kuanzia mara 720 kwa sekunde kwenda juu, kadiri unavyoshuka chini ya hapo inazidi kuziacha kama zilivyoingia. Sasa piga hesabu ya besi. Waya mnene wa E ukiachwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, A ni 55, D ni 73, na ule mwembamba kabisa wa G ni 98. Yaani nyaya zetu zote nne zikiwa wazi hazifiki hata 100! Kwa hiyo besi haikufutwa, iliachwa nyuma, ukipandisha nobu ya draivu sauti za juu zinakuwa kubwa, unashusha voliumu ili isipige makelele, na ukishusha unaishusha na ile besi iliyokuwa haijakua. Kwa gitaa la solo hiyo ni faida maana linatoka katikati ya bendi linasikika. Kwetu ni msiba.

Fundi akatoa kile kikapasita akaweka cha 0.47, ikashuka mpaka 72 hivi, nikapiga ikawa matope matupu, kila noti inameza mwenzake. Akaweka cha 0.22, hapo ni kama 154, ikakaa vizuri. Buku tano tu. Ila namshauri kijana asinunue kitu kwa kutegemea kukifungua, fundi wa aina ile hayupo kila mji.

Sasa namjibu mzee wa Tabora. Wewe unasema besi inatakiwa iwe safi, vidude ni uhuni. Mzee wangu, ampu za zamani za taa (zile za valvu za kioo) ukizisukuma zilikuwa zinaanza kukoroma zenyewe, na huko kukoroma ndiko kunaitwa ovadraivu, pedali inaiga tu. Na sababu ya kuitaka siyo roki peke yake. Spika za kumbi zetu nyingi haziwezi kutoa ile 41 vizuri, achilia mbali simu ya mtu anayerekodi harusi. Ovadraivu ikikwaruza noti kidogo inazalisha sauti za juu yake, 82, 123, 164 na kuendelea, hizo spika inaziweza, na sikio la binadamu likizisikia linajazia lenyewe ile ya chini ambayo spika imeshindwa. Ndo maana besi yenye kamchanga kidogo unaisikia hata kwenye redio ndogo ya bodaboda. Mji huu uliomtoa marehemu Shem Karenga, mwanamuziki wa bendi ya Tabora Jazz, unajua muziki, hatuongei uhuni.

Ila nakubaliana na wewe kwamba wengi wetu tunanunua vibaya, na mimi ndo wa kwanza. Kitu ambacho ningeambiwa na yule muuzaji kabla sijatuma pesa ni neno moja tu, blendi. Hiyo ni nobu inayochanganya sauti yako safi na ile iliyokwaruzwa, kwa hiyo mwili wa besi unabaki palepale na mchanga unaunyunyizia juu kwa kipimo unachotaka. Boss ODB-3, ile ya njano iliyotoka 1994, wao wanaiita balansi na iko hapohapo kwenye uso wake, ingawa kwa masikio yangu ukiizidisha inageuka nyuki ndani ya mkebe. Darkglass za Finland, B3K na wenzake, zina blendi na hiyo kampuni ilianza na besi moja kwa moja siyo gitaa, ila bei yake ni ya mtu mwenye mashua mbili Kibirizi. Kama kiboksi hakina nobu hiyo na hakikuundwa kwa ajili ya besi, mimi pesa yangu hainiponyoki tena.

Jingine ambalo watu wa Dar hawalifikirii. Huku wengi hatuna ampu ya besi, jeki inatoka kwenye gitaa inaenda mikisa inaenda spika kubwa. Spika ya ampu ya besi isiyo na twita (kispika kidogo cha sauti kali) kwa asili yake inakata makali ya juu kabisa, spika za ukumbi zenye twita hazikati, kwa hiyo ovadraivu ya kawaida ukiichomeka mikisa moja kwa moja inakuwa kama mtu anakaanga dagaa pembeni ya maiki. Ndo maana kwa mazingira yetu bora ile jamii ya SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21 wa Marekani, ndani yake imeshaiga ampu na spika, ina blendi, na ina tundu la waya wa maiki unaoenda mikisa bila longolongo, na hata urefu wa waya kutoka madhabahuni hadi kwa fundi mitambo hauleti shida ya kelele. Asiyeweza bei hiyo Behringer wana BDI21, boksi la plastiki, ukilikanyaga kwa hasira litavunjika lakini kazi linafanya.

Adapta nayo. Pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi iwe katikati, kuna kamchoro kadogo chini ya boksi, kaduara na alama ya kutoa, kasome kwa tochi ya simu kabla ya kuchomeka. Mwenzangu wa Ujiji aliazima adapta ya redio, volti zilezile 9 lakini chanya ndo iko katikati, kukatokea harufu tu basi.

Na kujaribu, jamani, usijaribie dukani na gitaa la duka ukiwa peke yako, peke yako kila pedali ni tamu. Nenda na besi yako, ukishindwa omba hata mpiga dramu akupigie kwenye ndoo, usikilize kama ukiikanyaga mtu wa pembeni anaona besi imeongezeka au imepungua. Ukiona imepungua rudisha hata kama rangi yake nzuri.

Ombi langu kwako mhariri, ukurasa wenu wa burudani kila wiki ni nani kaachana na nani, hebu siku moja tafuteni hata robo ukurasa muongee na mafundi na wapiga vyombo wa mikoani, maana watoto huku wanatumiwa makopo kutoka mjini wanaambiwa jeki si inaingia.

Mimi sasa natumia hiyo ya plastiki, niliipata kwa mtu aliyeacha muziki, blendi imesimama saa sita kamili na sijaigusa tangu Pasaka. Ile ya kijani nimempa mpiga solo wetu. Analalamika kila mazoezi kwamba eti ina besi nyingi mno, nimemwambia aende kwa fundi, kapasita kake ka 0.047 bado kapo kwenye kopo la kahawa juu ya meza.

Mpiga besi,
Mwanga, Kigoma