Barua kwa shoga yangu kabla ya safari ya Lushoto

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Baba watoto kapata likizo, kijana kamaliza mtihani wa kidato cha pili, na bibi yao wa Lushoto ametuma ujumbe kwamba plamu zimeanza kuiva. Jirani wa ukuta mmoja kajifungua mtoto wa kike Jumapili. Arobaini itatukuta Lushoto, basi tumempelekea mchango wake mapema.

Umeuliza kuku uwaacheje siku 14 mtakazokuwa nasi Lushoto kwa bibi. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, hivyo hao kumi watamaliza karibu kilo 17. Mkatie jirani kopo la kupimia: kilo 1.2 kwa siku, nusu asubuhi, nusu alasiri. Akimwaga chote kwa mkupuo watakichakura, kitalowa na kuota ukungu, na pumba yenye ukungu ni sumu kwao. Maji yasipungue lita tano kwa siku, kivulini, maana joto la Desemba unalijua. Chanjo ya mdondo, yaani kideri, kama imepita miezi mitatu, wape wiki hii hii, tone moja jichoni. Kinga huchukua hata wiki mbili kujengeka, na kuku aliyekwisha kuugua haimsaidii. Ukitoka nayo duka la dawa za mifugo, ibebe kwenye barafu.

Friji usiiache na nyama, tafadhali. LUKU, huo umeme wa kulipia kabla, ikiisha mkiwa mbali, umeme utanunua kwa simu, lakini zile tarakimu 20 nani ataziingiza kwenye mita? Izime siku moja kabla, barafu iyeyuke, ifute kwa maji ya vuguvugu yenye siki, kisha banisha mwiko mlangoni ubaki wazi. Ikifungwa na unyevu inanuka vibaya mno.

Maji yafungie kwenye koki ya mita. Yakikatika watu husahau bomba wazi, yakirudi usiku nyumba inafurika. Ndoo zipindue, mapipa yafunike. Siku kumi zinatosha mayai ya mbu kuwa mbu kamili. Gesi ifunge kwenye mtungi wenyewe.

Ufunguo mpe jirani mmoja tu, na mjumbe wenu ajue tarehe za kwenda na kurudi. Kwangu mimi hilo linazidi kufuli.

Tiketi kateni sasa, ofisini kwa basi, si kwa wapiga debe. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 32 za kona juu ya kona. Watoto wakae mbele, wale chakula chepesi, watazame barabara na si simu. Beba kopo lenye mfuniko kwa atakayetapika. Masweta yawe juu kabisa kwenye begi, kule jioni kuna baridi na mvua za vuli bado zinanyesha.

Nijibu mnaondoka siku gani na mko wangapi, bibi anataka kujua atandike vitanda vingapi.

Ni mimi shoga yako.