Kituo cha maji kiwekwe wapi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, baridi nimeshaizoea. Barua yako nimeisoma mara tatu, hasa pale ulipoeleza jinsi kamati ya maji ilivyogawanyika: wengine wanataka kituo kijengwe barabarani, wengine karibu na shule, na Bibi anahofu kwamba maji yakisogezwa karibu na nyumba watu hawataonana tena.

Mwambie Bibi namwelewa. Kisimani ndiko habari za msiba, za mgonjwa na za mtoto aliyezaliwa zilikofika kwanza. Lakini maongezi yale Mama aliyalipia kwa shingo yake. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na kata ya kichwani haipunguzi hata kilo moja. Tena dada ndiye aliyekuwa akichelewa darasani. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye dawati, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema kwenda, kupanga foleni na kurudi na maji kusizidi dakika 30. Basi msibishane kwa kukadiria. Mtu atoke nyumba ya mbali kabisa, aende na kurudi na dumu lililojaa, saa mkononi. Na wanaobeba maji ndio waulizwe kwanza. Wengi wao hawamo kwenye kamati, na sioni haki hapo. Barabarani patapendeza machoni pa wageni, ila mgeni hachoti maji kila alfajiri.

Zege na mtaro wa kutoa maji yanayomwagika visiachwe hata fedha zikipungua, la sivyo pale patakuwa tope na mazalio ya mbu. Hata barabara hujengwa hivyo hivyo: kalavati kwanza, changarawe baadaye.

Mchango wangu nitautuma mwisho wa mwezi. Naomba uingie kwenye mfuko wa matengenezo, si kwenye sherehe ya uzinduzi. Pampu ya mkono husimama kwa sababu ya kipande kidogo cha mpira kilicholika, na kama hakuna akiba wala fundi wa hapo hapo, watu hurudi mtoni.

Kuhusu hofu ya Bibi, jengeni benchi chini ya kivuli karibu na kituo, refu la kutosha. Yeye mwenyewe achague upande litakakoelekea.

Nisalimie Mama, na umwambie dada nitampigia Jumapili.

Mwanao