Barua kwa dada Furaha: yale ya Kavumu hayakutoka kwa mababu

Bukavu, Kadutu

Dada yangu Furaha,

Jambo sana. Barua yako imenifikia pamoja na vitenge, aksanti sana. Huku tuko wazima, ila mvua inatusumbua na njia za Kadutu zimekuwa matope matupu.

Nimesoma na kurudia pale unaponieleza mahubiri ya pasta wenu huko Lubumbashi, kwamba dini ya mababu ndiyo mama wa uzinzi, na kwamba mambo ya Kavumu ni ushahidi. Imeniuma, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Kavumu ni pale karibu na Bukavu, kwenye uwanja wa ndege, unapajua. Tangu 2013 hadi 2016 watoto wadogo wa kike walikuwa wanaibwa usiku majumbani mwao na kunajisiwa. Desemba 2017 korti ya kijeshi iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha. Waliamini uchawi wa kwamba damu ya watoto itawakinga vitani. Lakini kundi lao lilijiita Jeshi la Yesu! Tuseme basi ni Injili iliyowafundisha? Pasta wako hatakubali, na mimi pia sikubali. Asiwatwike mababu mzigo ambao yeye mwenyewe anaukataa.

Bashi wa zamani, watu wa huku kwetu, walimjua Mungu kwa jina la Nyamuzinda, kama vile wazee wa Kiluba huko kwenu wanavyomtaja Leza au Vidye. Kwao uhai unatoka kwake, unapitia kwa waliokufa, unafika kwa baba na mama, unaendelea kwa wale ambao hawajazaliwa. Padri Vincent Mulago, mtoto wa Bushi, nchi ya Bashi, aliandika sana juu ya huo umoja wa uhai. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini kulala pamoja hakukuwa jambo la watu wawili tu. Kuoana ndani ya ukoo kulikuwa mwiko. Penye msiba, mume na mke walilala mbalimbali mpaka matanga yaondolewe. Mtu aliyemwingilia ndugu yake, au mtoto asiyevunja ungo, alihesabiwa kuwa amechafua chemchemi ya wote, waliokufa na watakaokuja. Watu waliogopa magonjwa, ng'ombe kuharibu mimba, wanawake kukosa uzazi, mpaka ukoo utakaswe. Sasa niambie, mtu wa imani hiyo angepata wapi ujasiri wa kutafuta kinga katika damu ya kitoto?

Ni kweli wazee hawakuona haya kuuzungumzia mwili. Shangazi alimfundisha binti mambo ya ndoa waziwazi, bila kuzungukazunguka. Na katika kubandwa, ile ibada ya kumheshimu Lyangombe, pepo mkuu wa wazee, maneno ya matusi yalitamkwa na watu wazima mbele ya watu wazima. Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walipoyasikia waliona uchafu tu. Hawakutazama kwamba maneno hayo yalikuwa na mahali pake na saa yake, na kwamba kuyatamka ovyo nje ya ibada kulikatazwa. Vijana wa hapa nao wamekosea kwa upande wao: wanasema Mwafrika wa asili hakujua dhambi ya mwili, eti zinaa ni neno la wazungu. Nani kawaambia? Mahari ya ng'ombe, wajumbe wa pande mbili, miiko yote ile, ilikuwa ya nini kama kila kitu kiliruhusiwa?

Hata hivyo siwezi kuitetea mila yote, Furaha. Mzigo wake ulimwangukia msichana. Kule Uganda, kwenye ziwa Bunyonyi, kuna kisiwa kidogo kinaitwa Akampene. Bakiga, wenyeji wa huko, walikuwa wakimwacha huko binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa, afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Mwanaume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua bure. Na aliyempa mimba? Alibaki nyumbani kwa baba yake, anakula ugali wake. Hili nalilaani, hata wakiniambia ni mila.

Na mabaki yake tunaishi nayo. Mpaka leo mtoto akibakwa kijijini, familia mbili zinakaa chini, mbuzi wanahesabiwa, baba anapokea, kesi imekwisha. Sheria za Kongo za Julai 2006 juu ya ubakaji zinakataa kesi ya namna hiyo kuzimwa kwa malipo, lakini mbuzi wanaendelea kutembea. Zamani angalau kulikuwa na utakaso, na kosa lilitajwa mbele ya ukoo wote. Siku hizi wametupa utakaso wakabakiza mbuzi. Msichana hapati chochote, wala hakuna anayemuuliza. Hapo ndipo ningependa pasta ahubiri, maana wanaopatana namna hiyo wanakaa kwenye mabenchi yake kila Jumapili, kama wanavyokaa kwenye yale ya parokia yetu.

Mama mkwe wako amekulia katika vijiji vya Kiluba. Muulize mwanaume aliyebaka alifanywa nini zamani, na binti je. Usimkatize, hata akichelewa kufika kwenye jibu. Uniandikie yote, maana kina mama wa kikundi chetu cha parokia wamenituma nikuombe hilo.

Nisalimie baba Daniel na watoto.

Mimi dada yako,
Nsimire