Kila mzee na tuta lake

Kisumu,
Februari

Mwalimu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema kwamba wazee hapo makaoni wakishakunywa chai huketi barazani mpaka waitwe chakula cha mchana, na bustani ya nyuma hulimwa na kijana wa kibarua huku wao wakitazama. Umeniuliza mpande nini. Mimi naanza na nani atapanda. Kila mzee apewe tuta lake, na asilimwagilie mtu mwingine bila ruhusa yake. Bustani ya wote huishia kuwa ya kijana wa kibarua. Mtu aliyeshika chaki au kufanya kazi ya reli mpaka akastaafu anahitaji kitu kinachomngoja asubuhi, kitakachonyauka asipofika.

Ndiyo maana nakusihi muache kabichi. Inakaa shambani miezi kama mitatu, inakatwa siku moja, kwisha. Pandeni mboga zinazotaka mkono wa mtu kila mara: managu (mnavu), saga (mgagani), kunde, sukuma wiki. Managu ukichelewa kuyachuma yanatoa maua na majani yanakuwa madogo. Na kwa wazee waliotoka kila pembe, mboga hizi zina maneno mengi ndani yake. Managu kwa Mjaluo ni osuga, kwa Mluhya lisutsa, kwa Mkisii rinagu. Saga ni chinsaga, tsisaka, dek, thageti. Mzee anayesahau majina ya wajukuu bado anaweza kukumbuka jinsi vidole vinavyochuma jani lile, na kwamba saga hulazwa ndani ya maziwa usiku mmoja ili uchungu upungue. Mwache yeye aelekeze.

Sasa kuhusu kuinama, ambako ndiko bustani nyingi za wazee hufia. Jengeni matuta ya kimo cha sentimita 70, mtu afanye kazi akiwa amesimama au ameketi ukingoni. Upana usizidi mita 1.2 kama yanafikiwa pande mbili. Likiegemea ukuta, sentimita 60 tu, la sivyo mzee atajinyoosha mpaka aanguke. Sentimita 30 za chini jazeni yale mawe mepesi ya volkano yanayopatikana kwenu, kisha udongo juu. Msijaze matawi na mabua: yanaoza, udongo unazama, na mwakani tuta limekuwa shimo. Acheni matundu ya maji chini kabisa. Kati ya tuta na tuta acheni mita 1.5, kiti cha magurudumu kipite na kugeuka.

Kwa anayetumia kiti hicho, tuta la kawaida halifai, kwa sababu atalazimika kukaa kiubavu na mgongo utauma. Mtengenezeeni meza yenye kingo, uwazi wa chini kama sentimita 68 magoti yaingie, na udongo wa kina cha sentimita 18. Pimeni magoti yake kwanza, viti havilingani. Humo pandeni mchicha, dania na vitunguu vya majani. Saga hapana, mzizi wake unashuka sana.

Udongo wenu wa Nakuru ni mwepesi na unapitisha maji haraka, tofauti na huu mweusi wa tambarare ya Kano huku kwetu unaonata. Changanyeni debe tatu za udongo na debe mbili za samadi iliyooza vizuri, mchanga hamuuhitaji. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche. Ikae miezi miwili mitatu kwanza. Tuta lililoinuliwa hukauka upesi, basi tandazeni nyasi kavu kiasi cha sentimita 5, zisiguse shina. Mkebe wa kumwagilia uwe wa lita 5. Ule wa lita 10 ukijaa una kilo 10 na zaidi, na bega la mzee halina deni hilo.

Pasipo nafasi, wekeni magunia ya kilo 90. Chukueni kopo la kilo 2 lililotobolewa pande zote mbili, lisimamisheni katikati ya gunia, lijazeni kokoto, zungusheni udongo, kisha vuteni kopo juu na kujaza tena hadi mwisho. Ile nguzo ya kokoto ndiyo inayoshusha maji. Wengi huiacha, wakimwaga maji juu tu, na miche ya chini inakauka huku ya juu ikioza. Toboeni ubavuni kila sentimita 20, kwa kupishana.

Mbegu ndizo zinazowavunja moyo wengi. Saga ikivunwa leo na kupandwa kesho haioti. Mbegu yake hulala, ipumzishwe angalau miezi mitatu. Tena haipendi kuhamishwa, ipandeni palepale kwa mistari ya sentimita 30, kisha ng'oeni iliyosongamana ibaki kila sentimita 15, na hiyo iliyong'olewa ipikwe. Mbegu za managu zikitolewa kwenye tunda zioshwe hadi utelezi wote uishe, kwa kuwa utamu wa tunda huzuia kuota. Ni ndogo mno kwa macho ya wazee: mchanganye kijiko kimoja na vijiko kumi vya mchanga mkavu, mfunike kwa udongo wa nusu sentimita. Nyasi za kufunikia kitalu ziondolewe siku miche inapochomoza, la sivyo inarefuka na kulegea. Ikifika majani manne hadi sita, hamisheni jioni. Mche ukishakomaa ukateni sentimita 15 juu ya udongo, utatoa matawi, na kila ua linaloonekana ling'olewe.

Nakuru iko karibu mita 1,850, huku kwetu ni kama 1,130, kwa hiyo saga yenu itachelewa kuliko yetu na Juni na Julai itadumaa. Miezi hiyo tegemeeni managu na sukuma. Kiangazi kikikaza, vidukari hujaa chini ya majani ya sukuma. Maji yenye sabuni kidogo, yapulizwe upande wa chini jioni, kisha yasuuzwe asubuhi.

Kazi iwe saa moja hadi saa tatu asubuhi. Wenye kisukari wavae viatu vilivyofunika mguu wote, maana mwiba unaweza kuingia wasiusikie. Wanaomeza dawa za presha wawe na benchi karibu, wasiinuke ghafla. Muuguzi awaulize wote kuhusu chanjo ya pepopunda kabla hawajagusa samadi.

Mvua za Machi zinakaribia, matuta yaanze wiki hii. Nimekufungia mbegu za saga za mwaka jana, zimeshapumzika vya kutosha, na managu yaliyooshwa. Nitazipakia kwenye matatu ya Nakuru Ijumaa asubuhi. Nitumie idadi ya wazee na idadi ya viti vya magurudumu, nijue niongeze kiasi gani.

Rafiki yako wa siku zote